Werner Janensch, Mjerumani aliyeunda upya mjusi mkubwa wa Tendaguru

Kila tunapotaja Tendaguru katika vipindi vyetu, simu huanza kuingia. Wapo wanaouliza kama mjusi yule ni kweli ndiye mkubwa kuliko wote waliowahi kutembea duniani. Wapo wanaouliza kwa nini yuko Ujerumani na si kwetu. Na wasikilizaji wa Iramba, Mkalama na Ikungi huongeza swali lao: je, chini ya mawe yetu ya Singida hakuna mjusi kama huyo?

Tumeona njia nzuri ya kuyajibu ni kueleza maisha ya mtu mmoja. Si kwamba alikuwa shujaa, wala hatumsifu zaidi ya kazi yake. Lakini kila swali kuhusu mjusi yule linapita mikononi mwake: nani alimchimba, nani alimpa jina, nani alimpima, nani alimsimamisha. Mtu huyo ni Werner Janensch.

Alizaliwa tarehe 11 Novemba 1878 katika mji mdogo wa Herzberg, mashariki mwa Ujerumani. Alisomea elimu ya miamba katika chuo kikuu cha Strasbourg, na utafiti wake wa kwanza ulihusu tabaka za mawe za eneo lile lile, mawe yenye konokono na wanyama wengine wa bahari ya kale. Baadaye aliajiriwa katika Makumbusho ya Elimu ya Viumbe mjini Berlin, chini ya profesa Wilhelm von Branca. Hapakuwa na dalili kwamba kijana huyu wa konokono wa mawe angekuja kutumia maisha yake yote na mijusi wa Afrika.

Hapa inabidi tuiache Berlin kidogo twende Lindi.

Mwaka 1906 mhandisi mmoja Mjerumani, Bernhard Sattler, aliyekuwa akifanya kazi na kampuni ya kutafuta madini, aliona mifupa mikubwa iliyogeuka mawe ikichungulia ardhini karibu na kilima cha Tendaguru, kama kilomita 60 kaskazini magharibi mwa mji wa Lindi. Tendaguru ni jina la Kimwera, na maana yake ni kilima chenye mwinuko mkali. Vitabu vingi vinaandika kwamba Sattler ndiye aliyegundua. Sisi tunasema aliiona. Wenyeji walikuwa wakipita hapo siku zote, na mifupa mirefu kuliko mtu haiwezi kufichika kwa watu wanaolima na kuwinda katika ardhi hiyo.

Sattler alitoa taarifa kwa wakubwa wake. Mwaka 1907 akaja mtaalamu, Eberhard Fraas kutoka Stuttgart, akiwa mgonjwa wa kuhara damu. Alichimba kidogo, akachukua alichoweza, akarudi kwao na habari kwamba mahali hapo si pa kuachwa.

Habari hiyo ilifika Berlin wakati mzuri kwa Wajerumani. Tajiri wa Marekani, Andrew Carnegie, alikuwa akigawa nakala za plasta za mjusi wake, Diplodocus, kwa wafalme wa Ulaya. London ilipata yake mwaka 1905, Berlin mwaka 1908. Ni zawadi nzuri, lakini ni zawadi ya kuonyesha ukubwa. Wasomi na matajiri wa Berlin wakaona kwamba koloni lao lina mijusi wa kweli, si wa plasta. Branca akaanza kukusanya michango, kamati ikaundwa, na fedha zaidi ya mark 200,000 zikapatikana. Serikali ya kikoloni nayo ikalitangaza eneo la Tendaguru kuwa ardhi ya serikali ili mifupa isiende kwa mtu mwingine. Waliokuwa wakiishi na kulima huko hawakuulizwa.

Aliyepewa uongozi wa safari alikuwa Janensch. Alikuwa na umri wa miaka 30. Msaidizi wake alikuwa Edwin Hennig, kijana kuliko yeye. Walishuka Lindi mwezi Aprili 1909.

Tukumbuke walikuta nini. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu nyuma yake. Kusini yote ilikuwa imeumizwa. Askari wa kikoloni walikuwa wamechoma vijiji na mashamba makusudi, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Wamwera walikuwa miongoni mwa waliopigana. Kwa hiyo watu walipokubali kuchimba mifupa kwa rupia chache kwa mwezi, wengine walikuwa wametoka kuzika ndugu zao, na kodi ya Mjerumani ilikuwa ikiwasubiri. Tunapotazama picha za wachimbaji wale wakiwa wamejipanga mbele ya mashimo, inafaa tulikumbuke hilo.

Mwaka wa kwanza walikuwa kama watu 170. Mwaka wa pili wakafika 400, kisha 500. Wengi walikuja na wake na watoto, wakajenga nyumba, na chini ya kilima pakawa na kijiji. Ukihesabu familia, Tendaguru ilikuwa na watu wengi kuliko vijiji vingi vya leo.

Kazi yenyewe ilikuwa ya jembe, sururu na subira. Mifupa ya Tendaguru haikuwa imelala pamoja kama mnyama aliyekufa jana. Ina umri wa miaka kama milioni 150. Zamani hizo mahali pale palikuwa pwani, na bahari ilipanda na kushuka. Ndiyo maana tabaka zenye mijusi zinapishana na tabaka zenye kome na konokono wa baharini, tabaka moja juu ya nyingine kama mikeka iliyopangwa. Hapo ndipo elimu ya kwanza ya Janensch ilipomfaa. Yule kijana wa konokono alijua kusoma tabaka.

Mfupa ukipatikana, ulichimbwa pembeni kwa uangalifu, maana ingawa ni jiwe, huvunjika kama chungu kibovu. Kisha ulifunikwa kwa plasta au udongo, ukafungwa. Mifupa mingi ilizungushiwa mianzi iliyopasuliwa na kukazwa kwa kamba, kama vile mtu anavyofunga mguu uliovunjika. Halafu ikabebwa. Hapakuwa na reli wala gari. Wanyama wa kubeba mizigo hawakuweza kuishi kwa sababu ya mbung'o. Kila mfupa uliotoka Tendaguru ulitoka kichwani au begani mwa mtu, na mikubwa ilibebwa na watu kadhaa kwa nguzo, siku tatu hadi nne kwa miguu mpaka bandarini Lindi. Safari hizo zilikuwa maelfu. Kufikia mwaka 1913 uzito wote uliosafirishwa Ujerumani ulikaribia tani 225. Ni sawa na kupakia fuso za tani kumi zaidi ya ishirini, na zote zilitembea kwa miguu ya watu.

Sasa tumfikie mtu ambaye bila yeye maisha ya Janensch yasingekuwa na la kusimuliwa. Jina lake ni Boheti bin Amrani.

Boheti alikuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji. Wajerumani wawili hawawezi kusimamia mashimo mengi yaliyotawanyika kwa kilomita kadhaa, mengine Kindope kaskazini mwa kilima, mengine mbali zaidi. Boheti na wasimamizi wenzake ndio waliokaa mashimoni. Yeye alijifunza kutambua mfupa upi ni wa mguu, upi ni wa shingo, na namna ya kuutoa bila kuuharibu, kazi ambayo Ulaya mtu husomea miaka. Yumo katika picha za wakati ule, na jina lake limo katika maandishi ya Wajerumani wenyewe, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa Mwafrika wa koloni. Hennig aliandika kitabu chote kuhusu Tendaguru mwaka 1912, kikasomwa sana kwao. Boheti hakuandika kitabu. Waingereza walipokuja kuchimba Tendaguru miaka ya 1920, naye akawafanyia kazi pia, kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyeijua ardhi ile kama yeye.

Janensch na Hennig walifanya kazi huko hadi mwaka 1911, kisha uongozi ukachukuliwa na Hans Reck, yule yule aliyeingia Olduvai mwaka 1913. Baada ya hapo vita kuu ya kwanza ikakata kila kitu. Wajerumani wakapoteza koloni. Mifupa ikawa Berlin, ardhi ikawa mikononi mwa Mwingereza, na wachimbaji wakarudi mashambani.

Kwa Janensch, hapo ndipo kazi ilipoanza.

Kuchimba mfupa ni nusu tu. Ukifika makumbusho lazima uufungue, uondoe udongo, uunganishe vipande. Mfupa mmoja wa mgongo unaweza kufika ukiwa vipande mia na zaidi, kama mtungi uliodondoka kisimani. Na yeye alikuwa na maelfu ya mifupa. Kazi hiyo ikaingiliana na vita, kisha na miaka ambayo fedha ya Ujerumani ilikosa thamani kabisa.

Mwaka 1914 alitangaza majina ya kwanza. Mjusi mkubwa kuliko wote wa Tendaguru alimwita Brachiosaurus brancai, akimkumbuka profesa wake Branca. Mwingine, mwenye shingo fupi kidogo na miiba mirefu mgongoni, alimwita Dicraeosaurus hansemanni, kwa heshima ya David von Hansemann aliyeongoza kamati ya michango. Mwaka 1920 akampa jina mjusi mwembamba mla nyama, Elaphrosaurus bambergi. Hennig naye alikuwa ameshampa jina Kentrosaurus, mjusi wa miiba, mwaka 1915. Ukiyasoma majina hayo utaona wenye fedha na wakubwa wa Berlin wamejaa. Hakuna hata jina moja la aliyebeba mfupa.

Kwa nini Brachiosaurus? Kwa sababu jina hilo lilikuwepo. Mwaka 1900 Mmarekani Elmer Riggs alichimba sehemu ya mjusi mkubwa huko Colorado, na mwaka 1903 akamwita Brachiosaurus, maana yake mjusi wa mkono. Kilichomshangaza ni mfupa wa mkono wa mbele kuwa mrefu kama wa paja, jambo ambalo wanyama wengi hawana. Janensch alipotazama mifupa yake ya Tendaguru akaona umbo lile lile: miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, mgongo unaoteremka kuelekea mkiani, kama twiga. Akaona ni ndugu wa karibu, akampa jina la ukoo ule ule. Hoja hiyo tutairudia, maana baadaye ilizua ubishi.

Mnyama aliyemtegemea zaidi alipewa alama tu, S II. Mfupa wake wa mkono wa juu una urefu wa sentimita 213. Simama mlangoni kwako uinue mkono juu, utaona unakaribia urefu wa mfupa huo mmoja.

Mwaka 1937, mwezi Agosti, miaka 28 baada ya kushuka Lindi, Janensch alimwonyesha mjusi wake akiwa amesimama ukumbini. Alikuwa na karibu mita 12 kwenda juu. Hakuwa mnyama mmoja mzima. Sehemu kubwa ilikuwa S II, lakini mifupa iliyokosekana ilichukuliwa kutoka kwa wengine wa aina ile ile au ikatengenezwa kwa plasta. Mifupa ya shingo na mgongo iliwekwa ya plasta kwa sababu ya kweli ilikuwa mizito na dhaifu mno kuning'inizwa. Kichwa vilevile kilikuwa cha kuigiza. Si udanganyifu, na yeye alieleza wazi katika maandishi yake. Lakini ukisikia mtu anasema pale Berlin amesimama mnyama mzima kutoka Lindi, mrekebishe kwa upole.

Ilikuwa enzi ya Hitler. Nyuma ya mjusi ziliwekwa bendera za chama chake. Mnyama aliyekufa miaka milioni 150 kabla ya Ujerumani kuwepo akatumiwa kuonyesha ukuu wa Ujerumani.

Vita vya pili vilipofika, mjusi alifunguliwa mfupa kwa mfupa akafichwa chini ya jengo. Mwezi Februari 1945 mabomu yaliangukia sehemu ya makumbusho, na baadhi ya mifupa ya Tendaguru ikapotea moja kwa moja. Mjusi mkubwa alinusurika. Alisimamishwa tena baada ya vita, safari hii katika Berlin ya Mashariki.

Sasa swali la simu: je, ndiye mkubwa kuliko wote?

Tuanze na jambo ambalo watu wengi hulisahau. Ukubwa una maana tatu. Kuna kimo, kuna urefu kutoka pua hadi mkia, na kuna uzito. Twiga ni mrefu kuliko tembo, lakini hakuna anayesema twiga ni mkubwa kuliko tembo. Mijusi nao hivyo hivyo.

Kwa kimo, mjusi wa Tendaguru bado anashikilia nafasi yake. Kati ya mwaka 2005 na 2007 alifunguliwa tena na kupangwa upya, kwa sababu Janensch alikuwa amemweka viwiko vikiwa vimejitanua nje kidogo kama kenge, na mkia ukiburuta chini. Siku hizi wataalamu wanakubaliana kwamba miguu ilisimama wima kama nguzo, kama ya tembo, na mkia ulikuwa juu. Alipopangwa hivyo akapanda hadi mita 13.27, zaidi ya jengo la ghorofa tatu. Amewekwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness kuwa mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa yenye kimo kikubwa kuliko yote duniani. Urefu wake wa mwili ni zaidi ya mita 22.

Kwa urefu na uzito, hapana. Waargentina wametupita. Mwaka 1993 walimtangaza Argentinosaurus, na mwaka 2017 Patagotitan, ambaye urefu wake unakadiriwa kuwa kama mita 37, na mfupa wake wa paja una mita 2.38. Hao waliishi makumi ya mamilioni ya miaka baada ya mjusi wetu.

Lakini uzito ndio wenye ubishi mkubwa, na ubishi huo unamhusu mnyama yule yule mmoja wa Janensch. Mwaka 1962 Mmarekani Edwin Colbert alitengeneza sanamu dogo la mjusi huyo, akapima ujazo wake, akazidisha. Akapata tani 78. Kwa miaka mingi watoto wa shule duniani walifundishwa hivyo, na mjusi wa Tendaguru akaitwa mzito kuliko wote. Mwaka 1985 wataalamu wengine wakatumia njia tofauti: walipima unene wa mifupa ya miguu, kwa sababu mguu hunenepa kulingana na mzigo unaoubeba. Wakapata tani 29. Mwaka 2009 Mwingereza Michael Taylor akakadiria tani 23 tu.

Mtu atauliza, inawezekanaje mifupa ile ile itoe tani 78 na tani 23?

Jibu liko kwenye kuku. Ukila shingo ya kuku, vunja mfupa utazame ndani. Utaona vitundu vya hewa. Ndege wana mifuko ya hewa inayoingia hadi kwenye mifupa, na ndiyo maana ni wepesi kuliko wanavyoonekana. Mifupa ya shingo na mgongo ya mjusi wa Tendaguru ina vyumba vya hewa vya namna hiyo. Aliyeyaeleza hayo kwa undani, kwa mifupa hii hii, alikuwa Janensch mwenyewe, katika andiko la mwaka 1947. Colbert alihesabu mwili kana kwamba umejaa nyama tupu. Waliokuja baadaye wakaondoa hewa. Tena kila mmoja huamua kwa jicho lake mnyama alikuwa mnene kiasi gani. Hata sisi tukipewa mifupa ya ng'ombe wawili, mmoja wa masika na mmoja wa kiangazi, hatuwezi kujua yupi alikuwa amenona. Makadirio mengi ya sasa yanaangukia kati ya tani 23 na 40, yaani tembo dume wanne hadi sita au saba.

Kuna jambo jingine. Huko Berlin upo mfupa wa mguu wa chini kutoka Tendaguru, wenye alama XV2, mrefu kuliko ule wa S II kwa asilimia kama 13. Maana yake mjusi tunayemwona amesimama hakuwa hata mkubwa kuliko wote wa kijiji chake.

Na lile jina? Mwaka 1988 Mmarekani Gregory Paul alisema mjusi wa Tendaguru na yule wa Colorado wanatofautiana zaidi ya Janensch alivyodhani, akapendekeza jina Giraffatitan, yaani twiga jitu. Wengi walisita. Mwaka 2009 Taylor alilinganisha mfupa kwa mfupa akaorodhesha tofauti 26, na tangu hapo wataalamu wengi wanamwita Giraffatitan brancai. Kwa hiyo Janensch alikosea ukoo, lakini twiga alimwona.

Turudi kwetu. Je, Singida kuna mjusi?

Mawe makubwa mnayoyaona kutoka mjini hadi Ikungi ni matale, mawe ya moto yaliyopoa ndani kabisa ya ardhi zaidi ya miaka milioni 2,500 iliyopita. Wakati huo hapakuwa na mnyama hata mmoja mwenye mfupa. Kutafuta mjusi ndani ya mawe yale ni kama kutafuta samaki ndani ya chungu cha ugali. Mifupa huhifadhiwa kwenye matope na mchanga uliotulia chini ya maji na kugeuka jiwe polepole.

Hata hivyo Singida haiko mikono mitupu. Magharibi mwa mji, mahali panapoitwa Mahenge (si ile ya Morogoro), palikuwa na ziwa dogo ndani ya shimo la volkano miaka kama milioni 46 iliyopita. Mijusi wakubwa walikuwa wameshatoweka miaka milioni 20 kabla yake. Katika matope ya ziwa hilo wamepatikana samaki, chura na hata popo, wamebanwa ndani ya jiwe kama ua ndani ya kitabu. Samaki mmoja alitangazwa mwaka 1967 kwa jina la kisayansi Singida. Chura akaitwa Singidella. Popo akaitwa Tanzanycteris. Mkoa wetu umo katika vitabu vya dunia kwa samaki wa urefu wa vidole, na sisi hatuoni haya kulisema.

Janensch aliendelea kuandika muda mrefu kuliko tulivyotarajia tulipoanza kumfuatilia. Mwaka 1950 alitoa maelezo kamili ya mgongo na umbo la mjusi mkubwa. Mwaka 1961, akiwa na miaka 82, akatoa kazi kubwa ya mwisho kuhusu miguu na mabega ya mijusi wa Tendaguru. Mwezi Desemba mwaka huo huo Tanganyika ikapata uhuru. Nchi ambayo kwa jina la koloni lake alichimba ilikuwa sasa na bendera yake, na mifupa ilikuwa imeshakaa Berlin nusu karne.

Alifariki Berlin tarehe 20 Oktoba 1969, akiwa na miaka 90.

Kama mifupa irudi au isirudi, wabunge wetu wamewahi kulizungumza, na maoni yanagawanyika. Wapo wanaosema irudi yote. Wapo wanaosema tujenge kwanza nyumba ya kuihifadhi Lindi, barabara ipitike, tupate gawio na mafunzo kwa vijana wetu. Sisi tunaona hoja ya pili haiwezi kutumiwa kuizima ya kwanza. Mtu aliyechukua ng'ombe wako hawezi kukwambia subiri mpaka ujenge zizi la saruji. Lakini tunajua pia kwamba mifupa hiyo huvunjika, na safari moja tayari iliigharimu mingi.

Mwaka 2007, Mjerumani Kristian Remes alizipitia tena pingili mbili za shingo zilizochimbwa Tendaguru mwaka 1909 akaona ni za mjusi wa aina nyingine, asiyejulikana kabla. Alimpa jina Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti bin Amrani. Ilichukua miaka 98.

Na kazi haijaisha. Katika ghala la makumbusho yale yale bado yapo mafurushi ya mianzi yaliyofungwa Tendaguru zaidi ya miaka mia moja iliyopita na hayajawahi kufunguliwa. Wataalamu wameanza kuyapitisha kwenye mashine ya picha za hospitali ili waone kilichomo bila kukata kamba. Kamba hizo zilikazwa na mikono ya watu wa Lindi.